Injini ya Gari Lililopinduka

Hamriya, Muscat

Dada yangu Asya,

Bismillahi. Goti lako nambie kwanza, limepoa au bado unasali kitini? Sisi wazima, ila hili joto.

Nassor wangu nnaye, na lile gari la Kimarekani la marehemu baba yake analo bado, refu hata mlango wa uani haufungiki. Kila Jumamosi hupanda nalo milima kwenda kazini Qurayyat, Jumatano akarudi. Mwezi uliopita injini ilimfia mlimani, moshi mtupu, gari likaburutwa mpaka gereji ya Wadi Kabir.

Nikamwambia tia injini ndogo ya Kijapani, ikufikishe tu. Akacheka. "Mama, hiyo sawa na kumvisha babu kaptura ya skuli!" Akatafuta kubwa kupita ile ya mwanzo, silinda nane, imetolewa kwenye gari lililopinduka. Fundi wake Mkenya, Kamau, nikamuuliza: "Na mwenye gari yuko wapi?" Akajifanya anatafuta spana. Basi nikajua.

Usingizi sikuupata, dada. Kijana damu moto, gari lina nguvu hizo, na injini ishatoa roho ya mtu. Siku ya kuiwasha nikenda na chetezo changu, makaa yamekolea, ubani juu yake, nalizunguka gari nasoma Yasini. Boneti iko wazi. Nikainama niifukize injini yenyewe. Kamau akapiga ukelele, akaninyang'anya chetezo, akakitupa mchangani huko!

"Aki mama, unataka tuchomeke sote? Hebu angalia!"

Petroli ilikuwa inadondoka kwenye mpira wa kupitishia mafuta, tone tone, pale pale nilipokuwa napeleka makaa.

"Huna adabu wewe," nikamwambia, nakwenda kukiokota. "Chetezo cha mama yangu hicho."

"Pole mama. Lakini ungemfukiza hata mwanao."

Nassor alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Wakabadilisha mpira. Injini ikanguruma, vioo vya duka la jirani vikatetemeka. Nikafungua mlango nikakaa mbele.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Qurayyat."

Alikwenda pole pole kama kapakia mayai. Nikiwamo mimi hathubutu. Tangu hapo kila Jumamosi nakwenda naye, nalala kwa wifi yangu, narudi naye Jumatano. Mgongo unauma, lakini nnamwona.

Nisalimie shemeji yangu, baba watoto wako, na ami yetu muuza vitambaa, na somo wangu aliyenifunda, mwambie duaze zinanifika.

Sasa la harusi ya mwanao Zuwena. Kanga na udi nimempa jirani anayekuja huko. Mimi sitokuja, dada. Mwambie mama yake mdogo hana maradhi wala hana kinyongo naye. Nikija huko, Jumamosi nani atakaa kiti cha mbele?

Mdogo wako akupendaye,
Mama Nassor