Mitungi Miwili Ubavuni

Jumamosi, Agosti 1991

Hatimaye sikupinduka! Mitungi miwili ya hewa, mmoja kila ubavu, na leo nimeelea bwawani nimenyooka kama rula.

Jumamosi iliyopita nilivuta hewa ya mtungi wa kushoto peke yake. Ukawa mwepesi, nikalala upande. Tonto Gaspari, mdogo wake baba anayenifundisha kuzamia, alicheka: "Mbuzi wewe, umebebeshwa gunia upande mmoja!" Kisha akasema nisipojifunza kuhama mtungi mmoja hadi mwingine, Ziwa Kivu nisahau.

Leo nilihama kila baada ya pumzi ishirini, macho nimefumba. Nilipotoka alisoma geji zote mbili, vipimo vya hewa iliyobaki mitungini.

"Mwambie mama yako akufungashie. Tunaenda Kivu."

Nakiri naogopa kiza cha ziwa. Lakini mishale ya geji mbili ilisimama usawa mmoja, na aliyeisimamisha ni mimi.