Nilivyokwenda Kumsuta Valini

Manzese, Dar es Salaam
Jumanne

Mama yangu mzazi,

Shikamoo mama. Natumai barua hii inakukuta huko Pugu ukiwa mzima, na lile goti limepoa baada ya mvua za wiki hii. Mie kwa mwili sijambo. Ya moyoni utayasoma. Mkweo Shomari naye hajambo, anakuamkia. Najua hapo kwenye jina lake umeguna, maana mara ya mwisho kwenye simu uliniambia nifunge nguo zangu, mwisho wa mwezi nije nyumbani, hukunizaa nije kuchangia mume. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu huniachii nimalize maneno. Isome mwenyewe, taratibu, usimpe mtu akusomee.

Unakumbuka yalivyoanza. Jumapili ile nafua uani, Shomari kakaa mlango wa nyuma anaongea kwenye simu na Albano, mwenzake anayesoma naye shahada ya pili. Nikamsikia anacheka. Anasema Valini kamfukuza mwenzake, kakaa yeye kwenye nafasi yake, na wala hatulii, anamng'ang'ania jirani mpaka wote wanakwama. Kisha akasema huyo Valini ndiye anayemnyima usingizi wiki nzima. Mama, shati lilinitoka mkononi. Kamfukuza mwenzake kakaa yeye! Mwenzake ni nani kama si mie?

Toka siku hiyo roho haikutulia. Nikashika simu yake akiwa bafuni, nikakuta ujumbe wa Albano: Valini kamgusa tena, njoo kesho uone mwenyewe. Makubwa! Watu wanagusana, na wengine wanaitwa kwenda kutazama! Nikawa nakagua mashati, nanusa kola. Nikijitazama kwenye kioo najiona nimechuja. Hata jina lenyewe lilinikera. Nikamtengeneza kichwani huyo Valini: mrefu, mweupe, kucha ndefu, anaongea Kiingereza cha puani. Shomari akiniongelesha mie ni mkaa umeisha, gesi imeisha. Huyo Valini anazungumzwa kwa vicheko. Kijiba cha roho kilinishika, wallahi hata wali haukushuka.

Uliponiambia nirudi nyumbani nilikubali, lakini nikaapa siondoki kimya. Nilipanga nimsute hadharani. Nilishawaambia mashoga zangu wajiandae, na watu wa matarumbeta nilishawaulizia. Eufrazia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyenizuia, akasema nikahakikishe kwanza sura ya mtu, tusije tukaenda kumsuta asiyehusika. Basi Jumatano iliyopita nikajifunga kibwebwe ndani ya baibui, nikapanda mwendokasi mpaka chuoni kwao.

Nikauliza chumba, nikaingia bila hodi. Ndani walikuwepo Shomari, Albano, na msichana mmoja mrefu, mweupe, kucha zimepakwa rangi. Nikajisemea nimempata. Nikamsogelea nikamuuliza ni yeye ndiye Valini? Akanijibu kwa upole kwamba yeye anaitwa Genoveva, Valini ni yule pale, akanyoosha kidole kwenye kompyuta. Nikamwambia asinifanye mtoto mdogo. Mama, nikainama nikachungulia nyuma ya meza! Albano alicheka mpaka akakaa sakafuni. Shomari hakucheka. Alinivutia kiti.

Akanieleza kwamba ndani ya damu mna protini inayobeba hewa, inaitwa himoglobini. Imetengenezwa kwa vipande vidogo sana viitwavyo asidi amino, vimefuatana kama shanga kwenye uzi, na kila aina ina jina lake: Serini, Lisini, Valini. Uzi huo haukai umenyooka, unajikunja na kujiviringisha, na shanga zilizokuwa mbalimbali zinajikuta zinagusana. Kazi yao ni kupima kwa kompyuta ipi imekaribia ipi kiasi cha kuhesabiwa kwamba zinagusana, na kugusana huko kunaleta nini. Nikamuuliza, kama ni vitu, kwa nini hawasemi inagusa? Kwa nini wanasema kamgusa, kamfukuza, kakaa? Akasema ni mazoea tu, wanakaa nazo kutwa mpaka wanaziona kama watu. Mazoea! Kumbe vijisilabi hivyo ndivyo nusura vivunje ndoa yangu.

Ungedhani wivu ungeniisha hapo. Wapi! Nilimwona alivyokuwa akikitazama kidude kile kwenye kioo cha kompyuta, na mie hajanitazama hivyo tangu siku ya harusi. Nikamwambia vilevile mbele za watu. Genoveva akasema anakwenda kutafuta chai, akamvuta Albano. Ndipo Shomari akaniambia kwa nini Valini.

Mdogo wake Rukaiya, yule unayemjua kila mara yuko wodini, ana selimundu, yaani sikoseli. Kwa watu kama yeye, shanga ya sita kwenye uzi mmojawapo imebadilika: ametoka aliyestahili kuwepo, kakaa Valini. Na Valini hapatani na maji, hutafuta pa kujichomeka. Akikuta kijishimo kwa himoglobini ya jirani anaingia humo, na huyo jirani naye anamshika mwingine, mpaka zinaungana kuwa vijiti virefu, na chembe ya damu inapinda kama mundu. Huko ndiko kugusana anakokuchunguza. Halafu akaniambia la kwake. Alipima damu tangu mwaka jana. Yeye mwenyewe anambeba Valini, wa mzazi mmoja tu. Hamuumizi, lakini anaweza kumpa mtoto. Wenzake wale wawili aliwaambia, mie hakuniambia kwa sababu aliogopa nitamwacha.

Nilikasirika, sikufichi. Mwaka mzima watu wawili wale wanaijua siri ya mume wangu, mie mkewe siijui. Lakini asubuhi yake tulikwenda hospitali wote wawili, nikatolewa damu.

Majibu nimeyapata. Na mie ninaye, mama. Valini yumo ndani mwangu. Mwanamke ningemfuata kwao tukashikana, akanipiga au nikampiga, yakaisha. Huyu nimfuate wapi? Nimezaliwa naye. Daktari anasema kila mimba tutakayopata, kati ya bahati nne, moja ni ya mtoto kupewa Valini na baba na kupewa na mama, akawa kama Rukaiya. Najua utasema basi hapo ndipo pa kuachana. Siondoki, mama. Mwisho wa mwezi usinitandikie kitanda. Nilikuwa tayari kumwacha kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo. Hili lipo kweli, nimeogopa, na bado nataka kubaki. Kama tutazaa au hatutazaa tutaamua sie wenyewe, tukijua.

Sasa kaa vizuri, mama. Daktari aliniuliza kama tuna ndugu aliyefariki mdogo. Nikamtaja Khalfani wetu. Nikamweleza vile vidole vilivyokuwa vinavimba, macho ya manjano, alivyokuwa akilia kwa maumivu ya mifupa mpaka unambeba mgongoni kutwa. Akasema hawezi kuapa kwa mtoto ambaye hakumpima, lakini dalili zote hizo ni za selimundu. Kama ndiyo, alipewa na wewe na alipewa na baba, na hakuna kati yenu aliyejua. Hakurogwa. Bi Mwanakombo hakumfanya kitu mwanao.

Silitaji jina la mke mwenzio kukuumiza. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ulivyosimama barazani ukasema ni jicho lake, na baba akamwandikia talaka kabla arobaini haijafika. Hukusema uongo, uliamini. Mie nimeamini mengi zaidi kwa neno nililolisikia nikifua nguo.

Jana nilikwenda kwake Kipawa. Nilidhani atafurahi, au atatutukana. Aliweka chini kisu cha mchicha. Kisha akaniambia kwamba siku Khalfani alipozaliwa, yeye hana mtoto, alikuonea wivu mpaka akatamani yule mtoto asingekuja duniani. Alipofariki na wewe ukasema ulivyosema, hakujitetea kwa sababu alidhani ni kweli. Mpaka jana, mama, alikuwa anaamini kwamba ni yeye aliyemuua. Akaniomba nirudie alivyosema daktari. Nikarudia. Akaniomba tena. Nilirudia mpaka akaanza kulia, nikalia naye.

Nisalimie majirani wote wa hapo, na mwambie mjomba nitampigia. Shomari anakuomba radhi kwa kunificha, atakuja kukuomba mwenyewe. Bi Mwanakombo anakusalimu. Nilipokuwa natoka alinifuata mpaka barabarani kunikumbusha nisisahau kuiandika salamu hiyo, na anauliza kama anaruhusiwa sasa kwenda kwenye kaburi la mtoto.

Wako akupendaye,
Zuena