Stendi ya Bunduki ya Baba

Old Moshi, Jumapili

Dada Justina,

Shikamoo. Nikipiga simu hupokei, basi naandika. Ng'ombe amezaa jike, na kahawa ya shamba la chini imeanza kuiva.

Ile stendi ya kusafishia bunduki nimeivunja. Unaikumbuka: miguu ya kitanda cha marehemu mama, bawaba za kabati bovu, na kandambili nilizokata ili bunduki ya baba isikwaruzike. Niliiunda ikunjike, mtu aibebe kwa mkono mmoja. Nilijivunia mno. Siku ile nilikuwa na haraka ya kumwonyesha mumeo, nikaweka bunduki juu ya stendi bila kufungua chemba ya risasi.

Filemon aliniuliza, "Shemeji, umetoa risasi?" Nikamcheka. Nikamwambia, "Mimi si mtoto." Akapita mbele kushika mguu mmoja wa stendi uliokuwa unacheza, nami nikavuta triga ili aone stendi inavyotulia.

Polisi niliwaambia Filemon alifyatua bunduki mwenyewe. Msibani watu wakasema pombe ya mbege ndiyo iliyomponza, nikanyamaza, na wewe umekaa pale pale unasikia. Dada, mumeo siku ile hakuonja hata tone.

Kesho asubuhi nakwenda polisi kusema haya haya. Humu kwenye bahasha nimeweka jani la isale, kukuomba msamaha. Wazee wetu wanasema isale halikataliwi. Wewe ukitaka kulikataa, likatae.

Mdogo wako,
Sylvanus