Doto Hawezi Kutangulia

Sapiwi, Bariadi
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Theofrida,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua umeshaitikia kwa sauti kabla hujaendelea kusoma, ndivyo ulivyo. Habari za Mbinga, habari za baridi, na huo mguu unaendeleaje? Mama je, bado anakataa kuvaa soksi? Mwambie mimi nimesema avae. Huku sote tu wazima, Mungu ametutunza, ila ni jua na vumbi tu. Pamba tulishauza, mashina tumeng'oa na kuchoma, na sasa kila mtu anatembea huku anatazama mawingu. Kama ungeweza kunifungia ukungu kidogo wa huko kwenye bahasha, ningekushukuru.

Siku ile kwenye simu uliniuliza watoto wamekwenda chuo gani. Nikakujibu, "Vyuo viwili." Ukashtuka, "Viwili vipi tena, si mapacha wale?" Mara mtandao ukakata. Nimeona nikae chini nikuandikie, maana habari hii haitoshi kwenye simu, na sista wa parokia anasafiri kwenda Songea wiki hii. Amekubali kuibeba barua hii.

Unajua kwamba Kulwa na Doto walimaliza kidato cha sita na wakafaulu. Waliomba vyuo wakiwa wameketi benchi moja, wanapokezana simu moja. Majibu yalipotoka, Kulwa alipata nafasi kwenye chuo kimoja tu, chuo binafsi cha kanisa kule kando ya Ziwa, kusomea ualimu. Doto naye akapata hicho hicho, ualimu huo huo. Halafu akapata na kingine: chuo kikubwa cha serikali, mbali upande wa mashariki, kusomea udaktari wa mifugo.

Sasa utaratibu wa siku hizi ni huu. Aliyechaguliwa sehemu mbili anatumiwa namba ya siri kwenye simu. Anaiingiza kwenye mtandao kwa chuo kimoja tu anachokitaka, na ile nafasi nyingine wanapewa wengine. Siku zenyewe ni chache. Kwa hiyo Doto alikuwa na vyuo viwili mkononi, na ilibidi kimoja akiachie.

Sitakuficha dada, mimi nilikuwa upande wa chuo cha kanisa. Ni kidogo, kina kikanisa chake, bweni la wasichana linalelewa na masista, na mwalimu anamjua mwanafunzi kwa jina. Basi la kutoka Bariadi linafika siku hiyo hiyo. Hicho cha serikali, jirani yetu mwalimu alisoma huko. Alituambia darasa moja tu lina watu wengi kuliko kigango chetu siku ya Krismasi, na ukichelewa unasikilizia mlangoni. Akasema pia kwamba ndiko wanakotoka wataalamu wa kweli wa mifugo. Maneno hayo ya mwisho nilijifanya sikuyasikia.

Lakini kikwazo kikubwa hakikuwa mimi, kilikuwa mama mkwe wangu. Wewe unamjua kwa maneno yangu tu. Ni mama mwenye moyo, ila likija suala la mabasa, ndivyo wanavyowaita mapacha huku, hageuki. Mapacha wana heshima yao na miiko yao. Ukimkatia Kulwa kipande cha muwa, cha Doto kilingane nacho. Gauni ni mbili, majembe ni mawili. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, basi kila kitu anaanza kupewa yeye, halafu Doto. Walipokuwa wadogo Kulwa aliugua malaria, na bibi yao akataka Doto naye ameze dawa. Nilimmezesha kipande cha sukari guru, bibi akaridhika, na Doto akaanza kuomba Kulwa augue tena.

Aliposikia habari za vyuo viwili, mama mkwe aliweka mwiko wa ugali chini.

"Mabasa hawatenganishwi," alisema. "Mmoja akienda mbali, yule mwingine anaanza kukonda."

Nikamtazama mume wangu Masanja. Masanja akatazama banda la ng'ombe.

"Mayu ameshasema," akajibu. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Huyu ni mwanamume wa kunyanyua gunia peke yake, lakini mbele ya mama yake ni mtoto wa darasa la pili.

Mimi mambo ya kukonda siyaamini, nimebatizwa na nimepata kipaimara. Ila baada ya neno lile nilijikuta nawatazama wanangu mikono, kama imepungua.

Doto mwenyewe hakubisha. Alichofanya ni kuacha kwenda joshoni. Kwako hilo linaweza kuonekana dogo, lakini tangu yuko darasa la tano, siku ng'ombe wakipelekwa kuogeshwa, Doto yuko nyuma ya bwana mifugo akimshikia sindano. Ng'ombe wa bibi yake aliposhindwa kuzaa, ni Doto aliyekunja mkono wa shati na kusaidia kumvuta ndama, damu mpaka begani, na kicheko juu. Sasa siku ya josho ilipofika alikaa jikoni akichambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua.

Ikaamuliwa basi: Doto athibitishe chuo cha kanisa. Jumamosi tukaenda Bariadi mjini, mimi na wao wawili, kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Dada wa pale akafungua kompyuta, akamwambia Doto, "Nisomee hiyo namba."

Doto akaanza kusoma. Kulwa akaifunika simu kwa kiganja.

"Subiri kwanza," akasema. "Mama, tutoke nje."

Tukaenda kwa mama lishe wa jirani, nikaagiza chai. Kulwa hakuigusa.

"Mama, mimi simtaki."

"Humtaki nani?"

"Doto. Simtaki chuoni kwangu."

Doto aliinua uso kama aliyepigwa kofi. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kuwa na kitu ambacho hakina cha pili yake. Gauni, kiatu, hata jina. Nikisema naitwa Kulwa, mtu haniulizi habari zangu, anauliza Doto yuko wapi. Nami nataka mahali pa kuwa mimi. Na wewe unakwenda kusoma ualimu wa nini? Wewe unaogopa watoto wa chekechea kuliko unavyoogopa dume la ng'ombe!"

"Siwaogopi."

"Unawaogopa. Juzi katoto ka jirani kamekulilia, ukakimbia. Utasoma usichokipenda kwa ajili yangu, halafu mpaka tunazeeka utakuwa unanitazama kwa macho ya ng'ombe mgonjwa. Sitaki kutazamwa hivyo."

Mama lishe akacheka peke yake huku akigeuza chapati, kisha akajifanya anakohoa.

Nilifungua kinywa nimkemee Kulwa, maana maneno ya namna hiyo hayasemwi kwa pacha. Kisha nikamtazama Doto. Machozi yalikuwa yanatoka, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka, na pembeni ya mdomo kulikuwa na kicheko kinatafuta njia. Wiki nzima sikuwa nimemwona hivyo. Dada, hapo ndipo nilipoona kwamba mimi nilikuwa nachagua chuo cha kunituliza mimi. Nilifanya ishara ya msalaba pale pale, mbele ya chapati za watu, nikamwomba Mama Maria aniazime ulimi, nikampigia Masanja.

"Mmemaliza?" akauliza.

"Bado, Baba Kulwa. Watoto wana neno. Wote wawili."

Nikamsikia anaita: "Mayu, simu yako."

Ulimi niliouomba haukupata kazi, kwa sababu Kulwa alininyang'anya simu, akaiweka sauti ya nje. Aliongea Kisukuma, nami kwa miaka hii yote sasa nakisikia vizuri.

"Bibi, tumboni tulikaa wawili?"

"Mlikaa wawili."

"Na kutoka, tulitoka pamoja?"

"Mngetokaje pamoja, wewe mtoto? Ulianza wewe. Huyu akafuata, jua limeshapanda."

"Wakati ule mimi niko nje na yeye yuko ndani, nilikonda?"

Bibi akaguna. "Ulilia tu."

"Basi na sasa tutalia tu, Bibi. Tunatoka vile vile. Mimi mbele, yeye nyuma, kila mmoja kwa wakati wake."

Kulwa akaiangalia simu aone kama imekatika. Kisha sauti ya mama mkwe ikarudi.

"Huko kwenye chuo cha ng'ombe, ng'ombe wapo kweli, au wanafundishwa kwa picha?"

Doto akairukia simu. "Wapo, Bibi! Na mbuzi, na nguruwe."

"Nguruwe waache." Kisha akauliza, "Kulwa atatangulia kuondoka?"

"Atatangulia."

"Siku hiyo hiyo, stendi hiyo hiyo, na masanduku yafanane. Kulwa kwanza. Nimemaliza."

Masanja akachukua simu na kusema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Mimi tangu mwanzo nilisema mtoto asome anachokipenda." Hakusema hivyo hata siku moja, dada, lakini nilimwachia. Tukarudi steshenari, Doto akaisoma namba yake yote bila kuvuta pumzi, na chuo kikubwa cha serikali kikawa chake. Mkopo tumewaombea wote wawili, hilo nalo liko mikononi mwa Bwana.

Sasa nikwambie siku ya safari. Alfajiri tuko stendi ya Bariadi, masanduku mawili ya bluu, bibi yao na fimbo yake. Kulwa anakwenda njia ya Lamadi, basi la Mwanza. Doto njia ya Maswa, na safari ndefu baada ya hapo. Basi la Doto ndilo lililowahi kujaa. Dereva akawasha injini. La Mwanza ndiyo kwanza linapakia magunia ya mchele na matenga ya kuku, konda wake bado anapiga mswaki.

Mama mkwe akaenda akasimama mbele ya basi la Doto, akachomeka fimbo chini.

"Bibi, sogea, gari linaondoka," konda akasema.

"Haliondoki. Doto hawezi kutangulia."

"Doto gani tena?"

"Huyo mliyembeba humo ndani!"

Baba mmoja wa suti dirishani akaanza kulalamika. "Jamani, wengine tuna safari ya mbali. Huyu bibi ana nini?" Mimi nilitamani ardhi inimeze. Masanja akawa anakagua kamba za masanduku ambazo alishazikagua. Dereva akachungulia.

"Bibi, ni mabasa?"

"Ni mabasa."

"Si ungesema mapema!" Akazima injini. Akapaza sauti upande wa pili: "Wewe wa Mwanza! Tema hiyo dawa ya meno upakie! Umebeba Kulwa humo, mimi nina Doto, siwezi kutoka!"

Dada, nilidhani watu watatutukana. Badala yake abiria wa basi la Doto wakaanza kushuka wenyewe, wakayashika magunia ya watu wasiowajua na kuyarusha juu. Yule wa suti alijaribu kubaki kwenye kiti chake, konda akamwambia, "Mzee, ukikaa ndiyo tutachelewa," na mara nikamwona naye amekumbatia tenga la kuku, ameugeuza uso pembeni manyoya yasimwingie puani.

Basi la Mwanza likatoka. Kulwa huyo aliyesema hamtaki mwenzake alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani, analia na kucheka pamoja, anaita, "Doto! Usisome usiku sana! Doto!" Lilipolipita geti, bibi akasogea pembeni, akalipiga la Doto ubavuni na fimbo, kama anavyowafungulia ng'ombe wake asubuhi. "Haya, nenda!" Na lenyewe likaenda. Mimi nilikuwa na rozari mkononi, na sikumbuki nilikuwa nimefika tendo gani.

Ndiyo hivyo tulivyo, dada. Nyumba imekuwa kubwa. Mama mkwe anauliza kila siku kama wamekonda, na ninamjibu hapana. Kulwa amepata chumba na kwaya, na mwalimu wake ameshamjua kwa jina. Mwombeeni Doto zaidi, maana yuko mbali na ni mpole.

Msalimie sana Mama, umbusu kwa niaba yangu. Msalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie kahawa aliyotuletea bado tunainywa siku za sikukuu tu. Msalimie kaka yetu mdogo, mwalimu wa kwaya, na mkewe aliyejifungua. Mtoto nimemshonea sweta, sista atalileta. Na baba yangu wa ubatizo, katekista mzee, mwambie sala zake zinafika mpaka Sapiwi.

Leo Jumatatu nilikuwa nataka kufunga bahasha, simu ikaita. Ni Doto. Darasa ni kama jirani alivyotuambia: siku ya kwanza alipotea, akakaa kwenye ngazi, amesikia nusu. Ijumaa wamepelekwa bandani, na huko amesikia yote. Kisha akaniambia, "Mama, hapa hakuna mtu anayejua kwamba mimi ni pacha."

"Unajisikiaje?" nikamuuliza.

"Sijui. Kama nimeshusha mtoto mgongoni, halafu mgongo unasikia baridi."

"Mgongo utazoea," nikamwambia.

Akacheka. Nilitaka kuendelea, nilikuwa na mengi, lakini akasema, "Mama, kipindi kinaanza, nakimbia," akakata simu yeye kwanza, hajanisubiri. Doto huyo, dada yangu. Bado nimeishika simu mkononi, natabasamu peke yangu kama mwehu.

Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Kresensia, Mama Kulwa na Doto