Kwa Baba Aliyetufundisha Kurudi Mwanzo

Tok. Tunakukumbuka hivi: umeme umekatika, sebule nzima ni giza, na kinachosikika ni kifundo cha kidole chako juu ya mkono wa kiti cha mbao. Kugonga mara moja tu, maana yake umekosea, rudi mwanzo. Baba, mwaka umetimia tangu uugonge mara ya mwisho mkono huo wa kiti, nasi jamaa zako tumeona tukueleze yaliyotokea. Ulipenda kuelezwa mambo kwa mpangilio.

Uliongoza michezo ya jukwaani tangu mwanao hajazaliwa. Waigizaji walikuita Mzee Rudia, nawe ukajifanya hujui. Shati la mazoezi lilikuwa moja, ukilipiga pasi mwenyewe kila asubuhi, na aliyejitolea kukusaidia ulimwambia atalichoma. Hukuwa mtu wa kelele. Mwigizaji akiteleza neno uligonga kiti, naye akarudi mwanzo wa maneno yake hata kama alibakiza sentensi ya mwisho. Walikununia wiki nzima, kisha siku ya onyesho wakakushukuru mbele za watu.

Mkamwana wako aliingia nyumbani humu akiwa mjamzito, masomo ameyaacha njiani. Wewe ndiye uliyesema aende darasa la jioni, na ndiye uliyebaki na mtoto. Siku moja alirudi akakukuta umemlaza mjukuu wako kifuani, unamsomea tamthilia kwa kunong'ona, tena sehemu ya jambazi. Alicheka.

“Usicheke,” ukamwambia. “Shika ya mjane.”

Alishika, akasoma mpaka chini. Hukumsifu. Ulisema tu, “Kesho njoo ukumbini, ukae kiti cha nyuma, usiseme kitu.”

Alikaa kiti cha nyuma mpaka wafagiaji wakamzoea. Aliona jinsi ulivyomuuliza kila anayeingia jukwaani anatoka wapi na amefuata nini. Ulipompandisha naye, ulimkataza kubeba ndoo tupu. Ulisema watu wote waliokaa pale wamewahi kubeba maji, watamjua tu. Basi akabeba ndoo iliyojaa, akalowana, na mwishoni ukampa nafasi ya mfua nguo: anaingia mara moja, ana maneno marefu ya mfululizo, anatoka.

Mazoezi yalikuwa katikati ulipotutoka. Ukumbi ukaufunga ule mchezo.

Yeye hakuacha. Alisema maneno yake akianika nguo, akiosha vyombo, akimkuna mtoto mgongo. Mjukuu wako alizoea kupanda kwenye kiti chako, miguu haifiki chini, akagonga. Mama yake akarudi mwanzo.

“Mbona sijakosea?”

“Umekosea,” alisema mtoto, na hakueleza zaidi. Tulikutambua hapo.

Mwaka huu mchezo ulifufuliwa, ukapewa mwongozaji mwingine, yule mama mfupi anayesukumia miwani utosini, ambaye waigizaji humwita Kocha. Siku ya kwanza alisimama mbele yao akasema, “Mimi sirithi waigizaji. Nitawaona upya wote.” Msichana mmoja aliyeyajua maneno ya mfua nguo yote alikuwa amekaa pembeni, anasubiri.

Siku hiyo fundi seremala alikuwa akipigilia mlango wa jukwaani. Mkamwana wako akaanza. Nyundo ikalia, akasimama, akarudi mwanzo. Ikalia tena, akarudi tena. Mara ya tatu Kocha alishusha miwani.

“Wewe, vipi? Umenasa kwenye beseni?”

Fundi, aliyekujengea milango miaka yote ile, ilibidi aweke nyundo chini kwa kicheko. “Huyu ni wa Mzee Rudia, Kocha. Hata mimi nikipiga msumari humu natamani kuomba radhi.”

Wengine walicheka. Kocha hakucheka. “Mzee nilimheshimu,” alisema. “Yeye alitaka neno likae sawa. Mimi nataka usikwame. Watu wakiwa wamekukodolea macho, neno likikudondoka, utarudi wapi? Kosea, halafu songa na kosa lako. Fundi, wewe gonga tu. Ijumaa nikimwona amerudi nyuma, nafasi nampa mwenzake.”

Jioni hiyo mkamwana wako alimkuta mkeo anakunja nguo. Alikaa chini, akazikunja naye, akazikunja vibaya.

“Mama, nikifuata ya Kocha, ya baba nitayapeleka wapi?”

“Yaache hapo yalipo,” mkeo alisema, akizikunjua zile alizokunja yeye. “Kwani yanakula?”

“Nitaonekana nimemtupa.”

“Nani akuone? Mimi nimeishi na yule mtu na kidole chake. Nilikuwa nikikatia vitunguu jikoni, kisu kikigonga ubao, anatoka sebuleni kuuliza nani amegonga kabla yake. Alifundishwa na watu, akabakiza alichotaka, kingine akaacha. Na wewe ni mtu.”

Ijumaa fundi aligonga ubao usio na msumari wowote. Mkamwana wako anasema kila pigo la nyundo lilimvuta nyuma kama aliyeshikwa nguo. Hakurudi. Alipofika mwisho Kocha alikuwa akiandika kitu, hakuinua kichwa. “Haya, nenda kapimwe gauni,” alisema. Yule msichana wa pembeni alimsaidia kushika futi. Kocha amemwambia naye akae karibu, kuna mchezo mwingine unakuja.

Onyesho lilikuwa Jumamosi iliyopita. Tulikaa safu moja, na waliokaa humo ndio wanaokukumbuka leo na hawatachoka kukukumbuka: mkeo, mwanao, ambaye alivaa tai yako na ikamkaba, dada yako, aliyekuja na mto wa kukalia, mdogo wako wa mwisho na watoto wake, fundi, ambaye tumeshamhesabu kuwa wa nyumbani, na mjukuu wako, mapajani kwa bibi yake.

Mkamwana wako aliingia na ndoo. Maji yalikuwemo. Akayamimina kwenye beseni, akazama kwenye maneno yake, na katikati akaruka sentensi nzima. Ukumbi haukujua. Sisi tulijua, tumeyasikia maneno yale mpaka tunayaota. Alinyamaza, nguo mkononi. Kidole cha mkeo kiliinuka juu ya mkono wa kiti, kikabaki hewani.

Alikamua nguo, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akashika sentensi iliyofuata, akaenda nayo.

Mjukuu wako alisimama mapajani kwa bibi yake, akasema kwa sauti ukumbi mzima ukasikia:

“Mama amekosea, lakini anaendelea.”