Jibu Kuhusu Mama Monari

Ogwedhi,
Mei 1996.

Kwa dada yangu mpendwa Phanice,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, wewe na shemeji Chrispine, na huyo aliye tumboni naye nimemsalimu, asije akasema mjomba alimruka. Hali yako i vipi huko Karungu? Kiungulia kimepungua? Usingizi unapata? Sisi hapa tu wazima. Mvua imezidi, mnadani ng'ombe wanateleza kama walevi, na mtoto wetu Valary ananyonya mpaka mama yake anauliza kama kuna mashindano.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, wataka kujua mimba huwaje, kwa kuwa mama yetu hayuko wa kukuambia na mimi nimeishi nayo nyumba moja. Pili, umeniuliza kama uje ujifungulie hapa kwangu, mikononi mwa Mama Monari, mkunga ambaye sifa za kumpokea Valary zimefika hadi kwenu. Umesema Chrispine na mama yake hawataki kusikia habari za hospitali, na wewe mwenyewe unaogopa kwa kuwa umeambiwa wauguzi hufoka. Hilo la pili ndilo kubwa, nami nitalijibu, lakini usiruke kurasa. Unanijua, bila kuzunguka kidogo siwezi kufika.

Haya. Mimba, dada yangu, ni kitu cha ajabu, na mimi sijaacha kuistaajabia. Wifi yako Rispa aliyekuwa akipenda dagaa wa omena alianza kuwakimbia. Akaanza kutafuna odowa, yale mawe laini ya udongo wanayouza sokoni, usiku na mchana, tena kwa sauti! Nikaonja nijue kuna nini humo. Hakuna kitu, ni udongo tu. Baadaye harufu yangu ikamkera. Alisema nanuka zizi, nami nikamwambia nimenuka zizi tangu siku ya kwanza aliyonipenda, akakimbia nje kutapika. Siku moja nilimwambia hata mtamba anapobeba mimba ya kwanza huwa mkali hivyo hivyo. Haki, Phanice, sikuongeleshwa mpaka Jumapili.

Kliniki nilimsindikiza, mwanaume peke yangu kwenye benchi. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikamuuliza muuguzi mtoto anapumuaje mle ndani, anakula nini, anajuaje wakati wa kutoka. Mwanzoni alidhani namtania. Alipoona sichoki akanijibu yote, na akaniongezea ambayo sikuuliza: kwamba kichwa kikiuma sana na macho yakaona vimulimuli, au uso na mikono vikivimba, au damu ikitoka, au mtoto akiacha kucheza, mama asingoje kliniki ijayo, aende hospitali mara moja. Hayo yashike sana. Akanieleza pia mtoto akizaliwa afanyiwe nini: akaushwe, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe, na kitovu kisivutwe na mtu yeyote.

Baada ya kuzaa nako kuna mambo hakuna anayekuonya. Maziwa ya kwanza ni ya njano, mazito, yanaitwa dang'a. Usiyakamue ukayamwaga hata mama mkwe akikuambia ni machafu, hayo ndiyo kinga ya mtoto. Choo chake cha kwanza ni cheusi kama lami, mimi nilipiga kelele nikidhani anakufa. Kitovu kiache wazi kikauke, usikipake kitu, kitaanguka chenyewe. Damu itakutoka kwa wiki kadhaa ikipungua polepole, na tumbo litakubana kila mtoto anaponyonya. Halafu kuna kulia. Rispa alilia kwa sababu uji wa wimbi umepoa. Nilipoupasha moto akalia kwa sababu nimeupasha. Hayo yalipita baada ya siku chache, lakini yasipopita usikae nayo peke yako, sema.

Sasa nifike kwa Mama Monari. Kalamu inasita, lakini lazima.

Valary alizaliwa siku ya mnada, mchana kweupe, mvua ikimwagika. Tulikuwa tumepanga kwenda Migori hospitali uchungu ukianza, ila uchungu haukutungoja. Chupa ya uzazi ilipopasuka nilikimbia kwa majirani, nikakuta milango imefungwa, wanawake wote wako sokoni. Barabarani nikamwona Masese, yule mwenye pikapu ya kubebea ng'ombe, nikamwomba amlete Mama Monari upesi. Kisha nikasimama nje ya mlango, kama unavyojua ilivyo kwetu. Mwanaume haingii penye uzazi. Wazee husema akiingia uchungu hukwama, na rika lake likijua halitakaa naye kula nyama tena. Nilisimama pale mvua ikinipiga, nikimsikia Rispa akiniita kwa jina. Akaita tena. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikaingia, Phanice.

Mikono iliyompokea Valary ni hii inayoandika. Mama Monari hakuwepo. Alizuiliwa na mto uliofurika, na alipofika mtoto alikuwa amekwisha kulia, yuko kifuani pa mama yake chini ya blanketi langu. Nilifanya yale niliyoambiwa kliniki, nikilia kama mtoto mwenyewe. Na uchungu haukukwama. Yale ya wazee ni maneno tu.

Lakini damu haikukoma. Mama Monari alifunua shuka, akatazama. Akaniambia hili si la mikono yake, wala la mikono ya mkunga yeyote wa nyumbani, nikamwite Masese ageuze pikapu. Tulimlaza Rispa pale nyuma, juu ya majani ya ng'ombe, Mama Monari akimkanda tumbo njia nzima, mimi nimemkumbatia mtoto. Rispa midomo ilikuwa imegeuka rangi. Niliogopa vile sijawahi kuogopa maishani. Nilijua narudi nyumbani na mtoto bila mama.

Hospitalini muuguzi alinifokea, ni kweli. Alifoka kwamba tumechelewa, alifoka nitoke njiani, na muda wote aliokuwa akifoka mikono yake haikumwacha Rispa. Wakamchoma sindano, wakamtundikia maji, kisha damu. Jioni Rispa akaomba uji. Nilimshika yule muuguzi mkono. Na afoke, dada. Afoke mpaka sauti imkauke.

Masese alimwona Mama Monari akitoka na Rispa, akatangaza mnadani kwamba yeye ndiye aliyezalisha. Mama Monari alitaka kukana. Mimi nikamsihi aache hivyo, nisichekwe na rika langu, naye akanihurumia. Sasa sifa zile zimetembea, na wewe unataka kuzifuata mpaka hapa, mbali na hospitali, njia hizi zikiwa zimekatika kwa mvua. Nilipompelekea Mama Monari habari zako, alisema nikuandikie yote au atakuja Karungu mwenyewe kukuambia.

Basi jibu langu ni usije. Nenda hospitali, na uende mapema, kabla uchungu haujakukamata barabarani. Mimi nitakuja nikae nje ya wodi hata wiki nzima.

Rispa anakusalimu sana, anasema ulale kwa ubavu wa kushoto. Valary angekusalimu ila amelala. Mfikishie shemeji heshima zangu, na mama mkwe wako pia. Nao wakikuambia kwamba Nyamhanga wa Ogwedhi mkewe alizalishwa nyumbani akapona, wakalishe chini, uwasomee barua hii yote kwa sauti, hata pale ninapolia. Kisha mwache Chrispine aende akawaambie wanaume wenzangu apendavyo.

Ni mimi kaka yako,
Nyamhanga Mniko