Majina ya kwenda hifadhini Jumamosi

Danford na Salome,

Naenda kazini kambini. Mchana pikeni ugali, dagaa wapo kwenye sufuria ndogo. Danford, namba zetu za vitambulisho mpelekee dereva leo kabla ya saa kumi, la sivyo Jumamosi tutaishia getini. Mwambie tuko ~~watano~~ wanne, pamoja na baba yenu.

Bibi yenu amegoma. Asubuhi nilimwomba kitambulisho, nikamwambia wageni wote wanaandikishwa mapema. Akaweka kikombe cha uji chini. "Mimi mgeni? Nimezaliwa kule kabla hatujahamishwa kupisha hifadhi. Kitovu changu kimezikwa kule." Akasema hana haja ya kuwafuata tembo huko, kila mtama wake ukikomaa wanakuja wenyewe. Nikapandisha hasira, nikamwambia basi abaki na kuku. Nilikosea.

Subirini. Sasa hivi amekuja, ameweka kitambulisho hapa mezani, anauliza kama gari litapita karibu na kilima cha kwao.

Basi tuko ~~wanne~~ watano. Bibi akae mbele. Salome, mpigie pasi kile kitenge cha kijani.

Na tukifika getini, askari akimuuliza anakwenda kuangalia nini, mtu asimjibie.

Mama